Yowe la Kuazima

Tangu rovu litolewe shingoni, Boke alikuwa mtu wa kunong'ona. Madaktari walimwambia mapema, bila kumficha. Lile rovu lilikuwa limekaa miaka mingi na kujisokota kwenye mshipa wa sauti, kwa hiyo likitoka huenda sauti ikatoka nalo, na likibaki siku moja litamkaba pumzi. Boke akachagua pumzi. Akarudi nyumbani kwake, kijiji kimoja cha Butiama upande wa kwenda Buhemba, akiwa na sauti ya kumtosha mtu aliyekaa naye kwenye mkeka mmoja, basi. Kuku aliwaita kwa kugonga sufuria. Mtu akipita ng'ambo ya uzio, Boke alimfuata kwa miguu ndipo wasalimiane.

Hayo yote aliyazoea. Kitu ambacho hakukizoea ni kwamba hakuweza tena kupiga yowe.

Msomaji wa mjini anaweza kuliona hilo ni jambo dogo, kwa sababu mjini ukipiga yowe watu hufunga madirisha. Kwa akina Boke si hivyo. Mwizi akiingia zizini, moto ukishika paa, nyoka akimgonga mtoto, aliye karibu hupiga yowe, na kila anayelisikia huliitika kwa sauti ili wa mbali nao wasikie, kisha huacha alichoshika na kukimbia. Anayesikia asiende ana kesi. Anayepiga bure ana kesi kubwa zaidi. Ukitiwa hatiani, adhabu ambayo watu huiogopa kuliko zote ni kutengwa na yowe, yaani siku ukilia hakuna atakayetoka.

Boke aliona kwamba yeye alikuwa ameshatengwa na koo lake mwenyewe. Mumewe, Felisiani, alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu Buhemba na alirudi alipojaliwa kurudi. Watoto walikuwa shule za bweni. Nyumbani alibaki Boke na ng'ombe mmoja wa maziwa mwenye ndama mchanga, na mwaka huo wizi wa mifugo ulikuwa umeanza tena. Jua likizama alikuwa anakaguakagua uzio wa miiba. Aliogopa, na hakuona aibu kusema kwamba anaogopa.

Sasa, huyu Boke alikuwa na mchezo wake. Wanawake wengine hufuma vitambaa vya makochi, yeye alifungua redio. Mchezo huo ulianzia Nyasura, Bunda, alikozaliwa, siku redio ya bibi yake ilipokata katikati ya matangazo ya vifo na bibi akabaki hajui kama jina analolisubiri limesomwa au la. Boke akaifungua kwa kisu cha jikoni, akakuta waya umening'inia, akauchomeka, na mtangazaji akaendelea. Tokea hapo hakupona. Alipoolewa alikuja na godoro, masufuria na chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, kile cha kupasha kwenye mkaa. Jikoni kwake kulikuwa na makopo ya maziwa yaliyojaa transista, kapasita na vipande vya bodi za simu mbovu. Hakumtoza mtu hata senti, wala hakujiita fundi. Alitengeneza taa ya banda la kuku inayojiwasha giza likiingia, na kidude cha kulia pipa la maji likijaa. Watu wakamwita mama makopo, naye akacheka nao.

Ndipo akaamua kwamba kama koo limegoma, yowe atalitengeneza.

Saketi yenyewe haikuwa ngumu. Alichukua waya mwembamba kama uzi, aliouzongoa kutoka kwenye mota ya feni mbovu, akaupitisha ndani ya uzio wa zizi kuzunguka pande zote na kuurudisha jikoni. Waya ukiwa mzima, transista inalala. Ukikatwa, inaamka na kuwasha king'ora cha pikipiki alichokifunga chini ya paa la jiko, kikila betri ya sola. Mtu hawezi kutoa ng'ombe zizini bila kusogeza uzio au magogo ya mlangoni, na hawezi kuvisogeza bila kukata waya.

Mara ya kwanza kililia kwa sababu ng'ombe alijikuna. Watu wakaja na marungu, wakakuta ng'ombe anacheua, wakacheka, wakarudi. Mara ya pili hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa imeingia kwenye kiungo kimoja cha waya, kikaota kutu kimyakimya, na kikaachia siku ambayo kijiji kizima kilikuwa makaburini. Jeneza lilikuwa halijashushwa. Watu wakasikia king'ora, wakaacha maiti juu ya ardhi pamoja na wafiwa na padre, wakakimbia hadi kwa Boke. Walimkuta amesimama juu ya kigoda, anahangaika kukizima.

Kamanda wa sungusungu, Enoka, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alingoja mazishi yaishe ndipo akamwita Boke mbele ya watu.

"Shemeji, mimi najua koo lako linaumwaga," alisema. "Lakini honi sio yowe. Honi inalia yenyewe. Yowe ni mtu, na mtu tunamuuliza, anajibu. Hiyo kitu ikilia tena hatuji. Na ikituleta tena bure, wewe na nyumba yako tutawatoa kwenye yowe."

Boke alijibu, ila hakuna aliyesikia alichojibu.

Wiki hiyo alilala vibaya sana. Alimkasirikia Enoka, kisha akakasirika zaidi kwa kuona kwamba Enoka hakukosea. Akaanza kufikiri upya. Kama yowe ni mtu, basi kinachotakiwa ni sauti ya mtu. Kuna vibodi vidogo vinavyosoma kadi ya memori, vile vilivyomo ndani ya redio za bei rahisi. Akiweka kwenye kadi yowe la kweli, la mwanamke wa kweli, na kuliunganisha na spika kama zile za magari ya matangazo, nani atasema ni honi? Alibaki kutafuta koo la kuazima.

Ng'ambo ya bonde aliishi Wegesa, ambaye Boke alimwita mama Fredi kwa jina la mwanawe. Wegesa ndiye aliyeongoza nyimbo za maombolezo misibani, na sauti yake ilijulikana kijiji kizima. Boke alimfuata akamweleza. Wegesa akaweka chini ungo wake.

"Yowe halipigwagi bure, Boke. Ukilipiga bure unaita kitu."

"Najua. Ndiyo maana hatutalipigia hapa. Tutaenda Musoma."

"Na Enoka?"

"Enoka nitamwambia ikishakuwa tayari. Nikimwambia sasa atanikataza."

Wegesa aliuokota tena ungo wake. Alikuwa miongoni mwa walioacha lile jeneza, na alikuwa amesema maneno makali juu ya Boke. Lakini alikuwa mjane, na hofu ya kuwa peke yake nyuma ya uzio wa miiba hakuhitaji kuelezwa. "Tusimwambie mtu yeyote," alisema mwishowe. "Ikiharibika, isiwe tumetengwa mimi na wewe wote."

Wakaenda Musoma, hadi mtaa wa Nyakato, kwa Hamduni. Huyu aliuza vifaa chakavu kwenye chumba kilichopakana na mashine ya kusaga, na Boke alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Alikuwa amemwandalia kibodi, amplifaya ndogo na spika yenye mdomo mpana. Aliposikia walichokuja kufanya akafunga mlango na kulisukumia boksi dirishani.

"Dada zangu, mimi siwazuii. Piga tu mama, hiyo mashine hapo inafunika kila kitu."

Wegesa akasimama katikati ya televisheni zilizokufa, akavuta pumzi, akashindwa. Akajaribu tena, akashindwa tena. "Siwezi," alisema. "Siwezi kulia msiba huku nimemwangalia fundi anatabasamu."

Hamduni akageukia ukuta. Boke akamshika Wegesa mkono, akamnong'oneza sikioni, "Mama Fredi, umefungua mlango. Zizi liko wazi. Na uko peke yako."

Yowe likatoka. Halikuwa la kuigiza, maana lilianza chini na kupanda hadi pale ambapo sauti hupasuka, na likakaa huko. Jirani akazima mashine yake. Mlango ukagongwa, watu wakajaa nje wakitaka kujua nani anauawa, na Hamduni akatoa kichwa, akawaambia anajaribu spika. Mama mmoja hakumwamini hadi alipoingia akawaona wanawake wawili wazima. Boke alikuwa analia. Alikuwa amesikia kile alichokuwa nacho zamani bila kujua, na wivu na shukrani vikamjia kwa pamoja.

Nyumbani alifanya kazi kwa uangalifu ambao hakuwahi kuufanya. Kila kiungo cha waya alikiyeyushia risasi, akakifunika kwa nta ya mshumaa, kisha akakifunga mpira wa tyubu. Akanyanyua waya juu ya mahali ng'ombe anapojikuna. Lakini yowe lenyewe hakuweza kulijaribu kwa sauti, maana kulijaribu ndiko kulipiga bure. Akalijaribu kwa spika za masikioni tu. Alikata waya, akasikia Wegesa analia ndani ya kichwa chake, akaunga, akakata tena. Kila kitu kilikuwa sawa. Alikagua yote yaliyokuwa kwenye saketi, na kasoro haikuwa kwenye saketi.

Walikuja mchana, siku ya mnada. Wanaume wengi walikuwa wameswaga mifugo yao tangu asubuhi, na Enoka alibaki kijijini na kikosi kidogo. Boke alikuwa jikoni, chuma chake kikipata moto kwenye mkaa, aliposikia mbwa wa mbali anabweka kisha ananyamaza. Akachungulia. Wanaume wawili asiowajua walikuwa nyuma ya zizi. Mmoja alikuwa na panga, na alikuwa anaikata miiba polepole, kama mtu anayefyeka shamba lake.

Boke hakuwa na la kufanya ila kungoja. Alitazama panga likishuka, likipanda, likishuka. Alijua waya umepita wapi. Panga likapita juu yake, likapita chini yake, na Boke akajikuta anaomba waya wake mwenyewe ukatwe.

Ukakatwa. Yowe la Wegesa likalipuka kutoka chini ya paa, likajaza ua, likavuka bonde. Wale wanaume waliruka. Kuku walitawanyika. Mwenye panga akakimbilia jikoni kumnyamazisha mwanamke anayelia, akamkuta Boke amesimama mlangoni, mdomo umefungwa, anamtazama, na yowe bado linaendelea. Jamaa akaganda. Alimtazama midomo, akatazama nyuma yake, na kwa muda panga lilining'inia mkononi kama amesahau ni la nini.

Mwenzake alikuwa mkavu wa macho zaidi. Aliiona spika, akamnyang'anya panga, akaipiga mpaka ikaning'inia kwa waya mmoja, akaipiga tena. Kimya kikaingia.

Katika kimya hicho Boke akasikia yowe linaitikiwa. Lilianzia upande wa mlima, likadakwa na la pili, la tatu. Watu walikuwa wanakuja. Akapata nguvu, akakimbia akasimama kwenye mlango wa zizi, mgongo kwenye magogo. Kisha akasikiliza vizuri. Zile sauti hazikuwa zinakaribia. Zilikuwa zinateremka upande mwingine, kuelekea ng'ambo ya bonde.

Walikuwa wanakwenda kwa Wegesa.

Kijiji kile kina miamba mingi. Sauti hugonga huku ikarudi kule, na anayefuata masikio yake hupotea. Kwa hiyo watu wa pale, tangu utotoni, hawaulizani yowe limetokea wapi. Huulizana ni la nani, na wakishaitambua sauti hukimbia moja kwa moja nyumbani kwa mwenye sauti. Boke alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Alikuwa amekimbia hivyo hivyo mara nyingi. Na hakulifikiria hata siku moja, kwa sababu kwa wiki zote zile yowe lilikuwa limelia masikioni mwake peke yake.

"Wamepotea," alisema yule mkavu, akacheka. "Toka hapo mama."

Boke hakutoka. Jamaa akamsukuma, Boke akaanguka, akainuka, akarudi kwenye magogo. Alifungua mdomo akalia kwa nguvu zake zote, na kilichotoka ni upepo. Yule jamaa akamtazama kwa namna ambayo ilimuuma kuliko kusukumwa, akamgeuzia panga ubapa na kumpiga nao begani. Mkono ukafa ganzi. Gogo la kwanza likatolewa. Ng'ombe akatolewa kwa kamba, ndama akifuata analia, na Boke akaishika kamba ile kwa mkono mmoja uliobaki, akaburutwa nayo kwenye vumbi la ua wake mwenyewe.

Hapo ndipo yowe lilipopigwa tena.

Lilikuwa lile lile, la chini kupanda juu, na wale wanaume wote wawili wakageukia jikoni, kwenye ile spika iliyopasuka. Lakini lilikuwa linatoka bondeni, na lilikuwa na maneno. "Ni kwa Boke. Njooni kwa Boke. Sio kwangu, ni kwa Boke."

Wegesa alikuwa chini kule anachimba mihogo. Alikuwa amesikia koo lake linalia mlimani hali yeye mdomo wake umefungwa, na katika kijiji kizima ni yeye peke yake aliyejua maana yake. Alikuja anapanda, sketi kiunoni na jembe begani, hana pumzi lakini analia, na majibu ya watu yakageuka. Sasa yalikuwa yanakaribia, pande mbili kwa mpigo. Wale jamaa wakaachia kamba. Walitoka nduki kupitia shimo walilolikata kwenye miiba, na waliokuja mbele wakapitiliza kuwafuata.

Ua ukajaa watu, wengi wakihema. Wengine walikuwa wametoka kwa Wegesa, wamekuta nyumba wazi haina mtu, na waliogopa mabaya. Enoka alifika, akaliona zizi, akaiona spika chini na waya zake nje. Aliiokota, akaigeuza, akaiweka. Akachomeka fimbo yake ardhini, kama ifanywavyo kila yowe linapokwisha, na akauliza swali ambalo lazima liulizwe, kwa kuwa yowe lisilo na mwenyewe huhesabiwa ni la bure hata mwizi akamatwe.

"Nani amepiga yowe?"

Macho yote yakamwendea Wegesa. Boke, mkono wake ukiwa umefungwa kwa kanga, akatazama chini. Alijua kinachofuata. Wegesa atasema ni yeye, atapongezwa, na hiyo itakuwa kweli kwa kiasi fulani. Na kesho Boke atakuwa vilevile alivyokuwa jana.

"Mama Fredi, sauti ni yako," alisema Enoka. "Ingia katikati."

"Siingii," alisema Wegesa. "Mimi nilikuwa bondeni kwenye mihogo. Nimeitika tu, kama nyie mlivyoitika. Aliyepiga ni Boke."

Mzee mmoja akaguna nyuma. "Huyu si hana sauti."

"Anayo. Nilimpa."

Watu walitazamana. Enoka aliitazama tena ile spika, kisha akamtazama Wegesa, ambaye hakuyakwepa macho yake.

"Boke," alisema, "ingia katikati. Umetuita kwa nini?"

Boke akasogea hadi kwenye fimbo. Akaeleza. Alieleza mbwa aliyenyamaza, miiba, panga, na kabla hajafika mbali watu wa nyuma wakaanza kulalamika kwamba hawasikii. Enoka akainua mkono. Akawaambia wasogee, na wakasogea, akawaambia wasogee tena, mpaka mabega yakagusana, wazee wakachuchumaa mbele, na mtu mmoja akamtoa nje ndama aliyekuwa analia. Kukawa kimya kabisa.

"Anza upya," alisema Enoka. "Tunakusikia."

Boke akaanza upya.